JOHO LA UWAKILI LISIWE LA WATOTO WA VIGOGO PEKE YAO

Ndugu msomaji, leo tuache kidogo ubishi wa Simba na Yanga, nikuulize swali. Ukikamatwa na mgambo pale Kariakoo, meza yako ikapakiwa kwenye gari na wewe mwenyewe ukafikishwa mahakamani kujibu shitaka usilolijua kichwa wala miguu, nani atasimama kukutetea? Usinijibu haraka. Mfukoni mwako nakujua.

Mimi nitakwambia nani angekufaa. Pale Ilala yuko kijana mmoja muuza mitumba, jina namsitiri kwa kuwa bado anahangaika. Nilisoma naye kidato cha sita. Mimi safari yangu iliishia hapo, nikashika kalamu hii ya kuandika huku na huku nikilipwa kwa makala. Yeye akaendelea, akatoka na shahada ya sheria, tena daraja la pili la juu. Kijiweni tunamwita Wakili. Mwenye nyumba akimpa mpangaji siku tatu za kuhama, Wakili ndiye anayeandika barua ya kujibu. Mwenye bodaboda akinyang'anywa pikipiki na tajiri wake wakati amebakiza marejesho ya wiki mbili, anakwenda kwa Wakili. Malipo ni soda, au hakuna.

Lakini mahakamani hawezi kusimama kwa niaba ya mtu. Akithubutu ataitwa kishoka na kuwekwa ndani yeye. Kisa? Hajapita Shule ya Sheria. Na kwa nini hajapita? Mara mbili alipata nafasi, mara mbili fedha ikamkwamisha.

Labda hili hulijui, maana wakubwa hawapendi tulijue. Zamani mwenye shahada ya sheria alikwenda kujifunza kazi kwa mawakili na mahakamani, akafanyiwa usaili, akaapishwa. Mwaka 2007 Bunge likatunga sheria ya kuanzisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo vijana wanaiita Shule ya Sheria, ikaanza kufundisha mwaka 2008. Tangu hapo mwenye shahada anayetaka uwakili anatakiwa kupita mlango huo. Sina ugomvi na mlango. Daktari naye hatoki darasani moja kwa moja akashika kisu. Ugomvi wangu ni kiingilio.

Piga hesabu mwenyewe. Mtoto wa mkulima wa Kasulu au Newala amemaliza chuo, nyumbani wanamtazama yeye sasa awasomeshe wadogo zake. Anaambiwa aje Dar es Salaam, makao ya shule hiyo, alipe ada, apange chumba, na mwenye chumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Ale. Apande daladala kila siku. Anunue suti nyeusi na shati jeupe, maana mahakamani haendi mtu na jinzi. Huko nyuma ana deni la Bodi ya Mikopo kutoka shahada ya kwanza. Mwenzake mtoto wa kigogo anapewa funguo za gari na baba, jioni anarudi nyumbani Masaki kukuta chakula mezani. Kisha eti wote wawili wafanye mtihani mmoja, tuseme aliyeshinda ndiye mwenye akili!

Oktoba 2022 nchi ilishtuka pale matokeo ya shule hiyo yalipovuja mitaani: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakaondolewa. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Kila mtu akawa na lake. Wengine wakalaumu vyuo vikuu, wengine walimu, wengine Kiingereza cha vijana. Sikatai, yote yana ukweli wake, na siwezi kukudanganya kwamba fedha peke yake ingewafaulisha wale 265. Yupo aliyefeli kwa sababu hakuandaliwa vizuri tangu sekondari ya kata. Lakini nilisikiliza ule mjadala kwenye redio wiki nzima, na walionipita masikioni wakiuliza wale vijana walilala wapi na walikula nini walikuwa wachache mno.

Utaniambia: lakini mikopo ipo. Kweli, Bodi ya Mikopo imefika mpaka Shule ya Sheria. Na haki ya mtu apewe: Mei Mosi 2021 Rais Samia alitangaza kufuta ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inayavimbisha madeni ya watu kama unga wa hamira. Lakini mkopo si ufadhili, ndugu yangu. Mkopo ni deni, na sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 inakata asilimia 15 ya mshahara wa mdaiwa. Sasa nisikilize vizuri hapa. Wakili kijana mwenye madeni mawili mgongoni, la shahada na la Shule ya Sheria, atachukua kesi ya nani? Yako wewe machinga uliyenyang'anywa meza, au ya kampuni inayotaka kuwahamisha wakazi ijenge ghorofa? Hata kama moyo wake uko kwako, tumbo na deni vinamvuta kule. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo.

Ndiyo maana nadai ufadhili, fedha isiyorudishwa, kwa wanafunzi wa sheria. Tena si jambo geni. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 ipo Skolashipu ya Samia, inayowalipia vijana waliofaulu vizuri kabisa masomo ya sayansi kidato cha sita wakasome sayansi, uhandisi, tiba na hisabati. Ni jambo jema na silipigi vita. Ila sheria imeachwa nje, kana kwamba nchi hii ina upungufu wa wahandisi tu na haina upungufu wa haki.

Sasa apewe nani? Hapa ndipo tunapotakiwa kufungua macho, maana wajanja wapo.

Ukisema tuwape wenye alama za juu tu, basi umewapa walewale. Aliyesoma shule za ada ya mamilioni, akiongea Kiingereza tangu chekechea, atatangulia, na serikali itamlipia mtoto ambaye baba yake anaweza kumlipia kwa fedha ya kununulia matairi. Ukisema tuwape maskini tu, bila kuangalia kichwani kuna nini, kesho utakuta mjini kila mtu ni yatima. Barua ya kuthibitisha unyonge inaandikwa kwa bei ya soda mbili na unaijua mwenyewe ofisi ya kuipata. Na mbaya zaidi, tutawapeleka watu wasioweza, watafeli, halafu wakubwa watasema: mnaona, watoto wa makabwela hawafai.

Kwa hiyo viwili hivi viende pamoja. Kwanza kijana afaulu, tena kwa kiwango kinachojulikana na kila mtu, kisichobadilishwa usiku. Halafu miongoni mwa waliofaulu, tuangalie nani hana. Asiye na kitu alipiwe yote, ada, chumba, chakula na vitabu. Mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi alipiwe nusu. Mtoto wa kigogo apewe pongezi na mkono wa heri. Na huo unyonge usithibitishwe kwa barua ya chumbani. Jina lisomwe kwenye mkutano wa mtaa au wa kijiji, mchana kweupe, ili jirani apate nafasi ya kusimama na kusema, jamani, huyu baba yake ana daladala tatu. Najua kuna wanaoona aibu umaskini wao kutangazwa. Hata mimi ningeona aibu. Lakini kati ya aibu ya asubuhi moja na nafasi yangu kuibwa na mwenye daladala tatu, mimi nachagua aibu.

Na anayelipiwa naye alipe, ila si kwa fedha. Mawakili wetu wamerundikana Dar es Salaam, Arusha na Mwanza kama nzi kwenye kidonda, huku wilayani mtu anakwenda siku nzima bila kumwona hata mmoja. Aliyesomeshwa kwa kodi zetu akafanye kazi miaka mitatu huko, atetee wanyonge, alipwe posho ya kuishi. Mwaka 2023 ilizinduliwa Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, mabanda yakafungwa, watu wakapanga foleni. Foleni zile zilikuwa ndefu kwa nini? Kwa sababu watu wana kiu. Lakini kampeni ina tarehe ya kufunga banda, na mgogoro wa shamba hauna tarehe. Mwenye kijiji anahitaji wakili anayelala palepale, anayemjua kwa jina.

Fedha zitoke wapi? Swali hili kila siku tunaulizwa sisi, hawaulizwi wanaonunua mashangingi. Thamani ya shangingi moja ni ada ya vijana wangapi? Kaa na wenzako hapo kijiweni mlipige hilo hesabu, kalamu mnayo. Na mawakili wakubwa wa mjini nao wachangie. Chama cha Wanasheria Tanganyika kipo tangu mwaka 1954, kina wanachama waliosomeshwa na nchi hii bila kutoa senti tano, enzi kabla serikali haijaanza kuwatoza wanafunzi uchangiaji gharama miaka ya 1990. Waliopanda ngazi ikiwa bure wasiivute juu.

Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 13, inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Maneno matamu. Mwaka 2021 sheria ikafanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo sasa angalau utaelewa unavyofungwa. Bado mtu wa kukusemea.

Jumamosi iliyopita nilipita Ilala. Nilimkuta Wakili ameketi juu ya robota la suruali, anamsomea mama lishe mmoja hati ya wito wa mahakama. Kijana aliyekuwa na mama huyo anadaiwa kuiba mtungi wa gesi. Wakili aliisoma mara mbili, akamweleza mama aanze na nini, amwite shahidi gani, aombe dhamana vipi. Mama akamuuliza, "Sasa mwanangu, si uje wewe uyaseme hayo?"

"Nitakusindikiza, mama," akajibu, "ila mimi nitakaa benchi la nyuma."