Mtoto Asiyetulia Darasani



Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, kuanzia Majengo ya Pumwani hadi Eastleigh na Umoja, watoto wetu wengi huketi darasani mara mbili kwa siku: mchana shuleni, jioni chuoni. Kwa mtoto ambaye fikira zake hazidumu juu ya jambo moja, siku hiyo ni ndefu mno. Hunyanyuka ovyo, husahau kalamu, hujibu swali kabla halijaisha. Majirani husema kadekezwa, au kapatwa na jicho. Yeye huitwa mtukutu, na jina hilo akilizoea huliamini.

Si kila mtundu ana tatizo. Madaktari hutazama kama dalili zilianza kabla ya miaka 12, zimedumu miezi 6 au zaidi, na zaonekana mahali pawili au zaidi. Basi mama, muulize mwalimu, muulize na maalim: je, nao wanayaona uyaonayo nyumbani? Akihangaika shuleni peke yake, huenda haoni ubao, hasikii vyema, au anaonewa na wenzake. Wala usimsahau binti mkimya anayeduwaa dirishani. Kwa kuwa hasumbui mtu, huchelewa kutambuliwa.

Mwalimu mwenye darasa lililofurika ana mikono miwili tu. Mwombe machache: amketishe mbele, mbali na mlango, ampe agizo moja kwa wakati, kazi ndefu aigawe, amtume kufuta ubao au kukusanya madaftari, mwili upate kunyooka, na akifanya vyema, amsifu papo hapo. Maalim wa chuoni naye aombwe vivyo hivyo.

Fimbo haimtulizi mtoto huyu, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imepiga marufuku adhabu ya viboko shuleni. Hali ikiendelea, mwombee dua, kisha umpeleke akapimwe. Mwalimu mkuu aweza kukuelekeza kwenye kituo cha tathmini cha elimu maalumu. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986, iko Kasarani, nayo hupima watoto.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Walisema mkunje, hawakusema mvunje. Mtoto ni amana.