Umetuletea Nini?





Msimu wa kuwaaga vijana umewadia. Vyuo vingi vya Ulaya na Amerika ya Kaskazini hufungua mwaka wa masomo kati ya Agosti na Oktoba, na kwa hiyo tangu mwezi Juni daftari la nia za Misa katika ofisi ya parokia limejaa maombi ya aina moja: kumwombea mtoto apate viza, kushukuru kwa kupata viza, kuombea safari njema ya Kanada, ya Ujerumani, ya Uingereza. Nazipokea nia hizo zote kwa moyo radhi. Nimealikwa pia katika sherehe kadhaa za kuwaaga vijana wetu, na humo ndimo nilimosikia tena neno ambalo leo nataka kulipinga waziwazi, hata kama nitawaudhi baadhi ya wazee ninaowaheshimu.

Mzee husimama, hukohoa kidogo, humwusia kijana asali, asome kwa bidii, asiige kila alionalo. Mpaka hapo ni usia mwema. Kisha huinua sauti na kusema: “Na usije ukarudi mikono mitupu!” Watu wote hupiga makofi, na mama wa kijana hupiga vigelegele.

Mimi sipigi makofi. Neno hilo, wapendwa, si usia. Ni hukumu anayopewa mtoto kabla hajapanda ndege, nayo inasema hivi: kwenu hapa utapokelewa kwa masharti. Nasema bila kumung’unya maneno kwamba jambo hili ni dhambi yetu sisi tunaobaki, nasi tumezoea kulificha nyuma ya dhambi za wale wanaokwenda.

Nisieleweke vibaya. Sijaja kuwakemea vijana wanaotamani kwenda ng’ambo. Wapo wahubiri wanaofanya hivyo, wakiita tamaa hiyo usaliti wa taifa, na wengi wao wanao watoto wao huko huko. Kanisa halifundishi hivyo. Papa Yohane XXIII, katika waraka wake wa Amani Duniani wa mwaka 1963, aliihesabu haki ya kuhama miongoni mwa haki za mwanadamu. Papa Benedikto XVI, katika ujumbe wa Siku ya Wahamiaji ya mwaka 2013, akakumbusha kwamba kabla ya haki ya kuhama ipo haki ya kutolazimika kuhama. Na Papa Fransisko, aliyetutoka mwaka 2025, alitoa ujumbe wa siku hiyo hiyo mwaka 2023 juu ya uhuru wa kuchagua kuhama au kubaki. Naongeza jambo moja ambalo sisi wa huku mlimani tumelisahau kabisa: mtu aliyekwenda anayo haki ya kurudi. Naye Yosefu aliambiwa arudi kutoka Misri, akamchukua mtoto na mama yake, wakaja kukaa Nazareti. Injili haisemi walirudi na nini.

Mimi mwenyewe nilitumwa na askofu kusoma Roma, nikakaa huko miaka minne. Sitadai kwamba sikuipenda. Mtu aliyesoma seminarini akigombea kitabu kimoja na wenzake kumi, akaingizwa katika maktaba ambamo kila anachokitafuta kipo rafuni, hawezi kuwa na moyo uleule tena. Nilijifunza Kiitaliano kwa aibu na kwa vicheko vya wanafunzi wenzangu. Nilisimama foleni za alfajiri kwa ajili ya kibali cha kuishi. Kulikuwa na jioni, hasa wakati wa kiangazi, ambapo nilitembea kandokando ya mto Tiber nikijiuliza kwa nini mtu aondoke mahali kama pale. Tamaa ya ng’ambo naijua kwa ndani, na kwa sababu hiyo siwezi kumdharau kijana anayeishi nayo.

Lakini huko huko ndiko nilikokutana na jambo lililonifanya niandike leo. Mwezi Agosti maparoko wengi wa Italia huenda mapumzikoni, na mapadre wanafunzi kutoka nchi za misioni hutumwa kuwashikia nafasi. Mwaka 2013 nilipangiwa mji mmoja mdogo wa kaskazini. Jumapili ya pili, baada ya Misa, kijana mmoja alinisubiri mlangoni, akaniamkia: “Shikamoo, Padre.” Ni mtu wa mkoa wetu. Hakuyasema haya katika kitubio, na yeye mwenyewe aliniruhusu kuyasimulia pasipo kumtaja jina.

Alikwenda kusomea uhandisi. Ukoo uliuza sehemu ya kihamba ili kumlipia nauli na ada ya mwaka wa kwanza. Ya mwaka wa pili ingejulikana mbele ya safari. Haikujulikana. Akaacha chuo, na kwa kuwa kibali cha mwanafunzi hufuata masomo, masomo yalipokatika na kibali nacho kikaisha. Akaingia katika ile kazi ambayo vijana huiita kubeba boksi, na kwake yeye boksi lilikuwa boksi kweli, la nyanya, usiku, katika ghala lisilo na joto. Kila mwezi alituma fedha nyumbani. Picha alizotuma alipigwa akiwa ameegemea gari la watu. Mama yake alipofariki, hakuja kuzika, na katika kikao cha ukoo ilisemwa kwamba kijana amekuwa Mzungu, amekausha moyo.

Nilimwuliza kwa nini harudi. Nilidhani atanieleza habari za makaratasi, kwamba akitoka hataruhusiwa kuingia tena. Alinijibu: “Padre, nauli ninayo. Naweza kurudi wiki ijayo. Nisichokuwa nacho ni cha kuwaonyesha.”

Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, tarehe 8 Julai, Papa Fransisko alikuwa amekwenda kisiwani Lampedusa kuwalilia wahamiaji waliokufa baharini, na tarehe 3 Oktoba mwaka huohuo chombo kingine kilizama karibu na kisiwa hicho na kuua watu zaidi ya 360, wengi wao Waeritrea. Wale walikuwa wameikimbia nchi ambayo kurudi kwao kungekuwa hatari. Kijana wetu alikuwa na kwao: nchi yenye amani, migomba ya baba yake, kanisa alimobatizwa. Hakuna serikali iliyomzuia kurudi. Aliyemzuia ni mjomba wake, shangazi yake, majirani zake, na bila shaka baadhi yenu mnaosoma tafakari hii.

Sisi tunajulikana nchi nzima kwa safari yetu ya Desemba. Desturi ya kurudi kula Noeli na wazee ni njema, na Mungu aidumishe. Lakini hebu tuseme ukweli juu ya tulivyoigeuza. Watu husimama barabarani wakihesabu magari. Hujulikana nani amekuja na gari jipya, nani amelikodi Arusha, nani ameshuka kwenye basi. Anayeshuka kwenye basi husalimiwa kwa ufupi. Sasa mweke hapo mtu aliyekaa miaka kumi majuu akashuka na begi moja! Vijiwe vitampa jina kabla hajafika kwa mama yake.

Kutokana na hofu hiyo huzaliwa uongo wa kila namna. Kuna wenzetu waliojilipua, kama wanavyosema wenyewe, yaani waliotupa pasipoti zao na kuapa mbele ya maofisa kwamba ni wakimbizi wa nchi nyingine iliyo vitani. Wameukana uraia wao na jina walilobatizwa nalo. Ni kosa, nami silitetei, maana linamnyima nafasi mkimbizi wa kweli. Ila tunapowanyoshea kidole, tukumbuke kwamba mara nyingi kisa kinaanzia nyumbani, kwenye simu ya saa nne usiku inayouliza kuhusu mabati.

Mtaniambia: “Padre, wewe hukuuza shamba. Sisi tumeuza. Je, tusidai?” Hoja hii ni nzito na sitaipita juu juu. Deni ni deni. Ada ya viza ya Ulaya ya muda mfupi peke yake, tangu Juni 2024, ni yuro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa viza hairudishwi. Hapo hatujataja nauli, ada ya chuo, wala fedha za kuonyesha benki. Familia iliyojinyima ina haki ya kurudishiwa. Basi liiteni deni! Kaeni na kijana kabla hajaondoka, andikeni ni shilingi ngapi, zitalipwa kwa muda gani, na asipoweza itakuwaje. Akimaliza, amemaliza. Tunachokifanya sasa ni tofauti kabisa: hatuandiki chochote, tunamwita ‘mtoto wetu’, kisha tunamdai mpaka kaburini, yeye na wanawe. Ada za binamu ni zake, harusi ni zake, msiba ni wake. Aliyeuza ekari moja hulipwa ekari kumi na bado hunung’unika.

Husemwa kwamba mkono mtupu haulambwi. Ni methali ya kweli kuhusu tabia za watu, lakini haijapata kuwa Injili. Injili yetu, katika sura ya 15 ya Luka, inamsimulia kijana aliyekwenda nchi ya mbali. Huyo hakubeba boksi hata moja; alikula mali yote kwa anasa, akaishia kulisha nguruwe. Akarudi mtupu kuliko yeyote mnayemjua. Baba alimwona tangu akali mbali, akamkimbilia, akamvika vazi na pete na viatu, akachinja ndama. Hakumkagua mizigo. Aliyeulizia hesabu ni kaka mkubwa, naye ndiye aliyebaki nje ya nyumba. Tunaihubiri habari hii kila Kwaresima, watu wanafuta machozi, kisha tunatoka kanisani kwenda kumwuliza mtoto wa jirani ametuletea nini.

Wala ndugu zangu mapadre wasidhani nimewasahau. Mwaka 2001 idara ya Vatikano inayosimamia uinjilishaji wa mataifa ilitoa maelekezo maalumu juu ya mapadre wa majimbo ya misioni wanaotumwa nje, kwa kuwa ilionekana kwamba baadhi yao hawarudi, nao huvutwa na maisha mazuri kuliko na utume. Wapo waliomaliza shahada waliyotumwa kuisoma, wakaitafuta ya pili, kisha wakapata parokia yenye kinanda kizuri na waamini thelathini, huku majimbo yao yakiwa na padre mmoja kwa vigango saba. Hilo ni lao na maaskofu wao. Lakini padre anayerudi hukutana na nini? Mimi niliporudi niliulizwa, na watu wema kabisa, nimemkosea nini askofu. Kurudi kulionekana ni adhabu! Na swali la pili lilikuwa lile la siku zote.

Julius Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi mwaka 1952 na shahada yake, akaenda kufundisha Pugu. Wangari Maathai aliondoka Kenya mwaka 1960, katika ule mpango wa kuwapeleka wanafunzi Marekani, akasomea kwa masista Wabenediktini huko Atchison, Kansas. Aliporejea mwaka 1966 alikuta kazi aliyoahidiwa kwa barua amepewa mtu mwingine. Hata hivyo, alianzisha Mwamko wa Mikanda ya Kijani mwaka 1977, na mwaka 2004 akatunukiwa Nobeli ya Amani. Siwataji ili kila anayerudi aambiwe awe Nyerere. Huo nao ungekuwa mzigo mwingine. Nawataja kwa sababu mambo waliyorudi nayo yasingeonekana kwa mtu aliyesimama barabarani akihesabu magari.

Sasa nije kwenye jambo la hapa kwetu. Katika miaka yangu yote katika parokia hii sijapokea hata nia moja ya Misa ya kushukuru kwa mtu aliyerudi pasipo kitu. Juma lijalo tutaianza. Siku ya Alhamisi anatua KIA binti mmoja wa parokia yetu aliyefanya kazi za ndani Uarabuni kwa miaka mitano. Mama yake alikuja ofisini akiwa ameinamisha kichwa, akaniomba nisilitangaze, kwa sababu binti anarudi na begi moja na mgonjwa wa mgongo. Nimezungumza naye tena, na binti mwenyewe kwa simu, nao wamekubali. Nia imeandikwa katika daftari: Jumapili, Misa ya pili, shukrani kwa kurudi nyumbani.

Baada ya Misa kutakuwa na chai katika ukumbi wa parokia. WAWATA wameahidi maandazi, na mzee mmoja wa kigango cha juu ameahidi mbege. Mwenye ndizi alete. Swali moja nimelipiga marufuku ukumbini humo, na mnalijua.