"HALMASHAURI HAINA HELA"? TULETEENI DAFTARI KWANZA

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI, KIBAHA*
*Nakala: wenzetu wa Kisarawe*



Kuna jibu moja tumeshalizoea. Ukiuliza boma la darasa litaezekwa lini, unaambiwa halmashauri haina hela. Ukiuliza dawa za zahanati, halmashauri haina hela. Ukiuliza mtaro wa barabara ya mtaani, jibu ni lile lile. Siku hizi limeongezewa mkia: "Hata wewe nyumbani kwako si unabana matumizi? Basi na halmashauri ni hivyo hivyo."

Tawi linasema hivi: tumekubali. Tuipime halmashauri kama tunavyopima nyumba. Ila tuipime kwa akili yote ya nyumba, siyo kwa kipande cha kujinyima peke yake. Mama anayelisha watu sita kwa genge la nyanya pale Maili Moja hajui kujinyima tu. Anajua kilichoingia leo, anajua nani anamdai na nani anadaiwa, anajua kipi kisubiri na kipi kisisubiri. Hayo ndiyo tunayoyataka.

*1. Nyumba huanza na mdaiwa mkubwa.*

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, inaipa halmashauri ushuru wa huduma, unaotozwa kwenye mauzo ya makampuni. Kibaha ni mji wa viwanda. Tupige hesabu ya mfano, kwa kiwango cha asilimia 0.25. Kiwanda chenye mauzo ya shilingi bilioni 12 kwa mwaka kinatakiwa kulipa shilingi milioni 30. Sasa chukua meza ya sokoni inayolipa shilingi 500 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Unahitaji meza 200 kupata hizo milioni 30.

Kwa hiyo tunauliza: kati ya kukagua vitabu vya kiwanda kimoja na kukimbizana na akina mama 200 wenye ndizi na mihogo, kipi kinafanyika kila siku mbele ya macho yetu? Nyumba yenye akili haiachi kudai laki tatu kwa mpangaji ikaenda kumkaba mtoto aliyebakiza chenji ya shilingi mia.

Wenzetu wa Kisarawe nao walishike hili. Tangu mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara kama korosho, na asilimia 2 kwa mazao ya chakula kama muhogo. Na mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine ulifutiwa ushuru. Mkulima wa Maneromango mwenye magunia matano ya muhogo hana deni getini. Akidaiwa, aombe aonyeshwe sheria.

*2. Nyumba hujua pochi iko kwa nani.*

Tuwe wakweli, halmashauri nayo ina hoja. Kodi ya majengo ilikuwa pato lake. Mwaka 2016 ukusanyaji wake ulipelekwa TRA, na tangu Agosti 2021 tunakatwa kupitia LUKU. Kuanzia Julai 2023 nyumba ya kawaida inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Mtaa wenye nyumba 1,000 unatoa shilingi milioni 18 kila mwaka, na mara nyingi anayekatwa ni mpangaji aliyenunua umeme, siyo mwenye nyumba.

Hatukatai kulipa. Tunakataa kutojua. Milioni 18 zikitoka mtaani, ni kiasi gani kinarudi, na kinarudi kufanya nini? Diwani asiyeuliza swali hilo barazani anakuwa kama mtu anayelia njaa huku mshahara wake anapokea jirani.

Historia ipo. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa na mambo yakaendeshwa kutoka juu. Huduma za miji zikadorora, hadi mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa, na za wilaya zikafuata kwa sheria za mwaka 1982. Taifa hili limeshajaribu kupika jikoni kwetu kwa mkono wa mbali. Uji uliungua.

*3. Nyumba ikibana, haianzi na uji wa mtoto.*

Hapa ndipo mfano wa nyumba unapogeuzwa kichwa chini. Mambo yakiwa magumu, mzazi mwenye akili anaacha soda yake, anaahirisha harusi ya mbali, anavaa shati la mwaka jana. Mtoto anakunywa uji wake. Kwenye bajeti za umma tunaona kinyume: dawa zinasubiri, semina haisubiri. Mtaro unasubiri, posho haisubiri. Anayetuambia tubane matumizi atuonyeshe kwanza mstari wa safari na vikao umepungua kiasi gani.

Na nyumba humaliza chumba kimoja kabla ya kuchimba msingi wa kingine. Mwaka hadi mwaka ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zinataja miradi ya halmashauri isiyokamilika. Maboma hayo yana jasho la wananchi waliobeba mchanga na kuchangia tofali. Boma lililonyeshewa miaka mitano siyo akiba, ni hasara yenye kuta.

*4. Nyumba hukopa kwa ajili ya cherehani, haikopi kwa ajili ya sare.*

Wapo wanaosema kukopa ni aibu. Siyo kweli. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga iliuza hatifungani ya miaka 10 yenye thamani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma ya maji. Maji yanauzwa, bili zinalipwa, deni linajilipa. Huo ni mkopo wa cherehani. Mkopo wa kulipia sherehe ndio unaoua nyumba.

Halmashauri nayo ni mkopeshaji. Sheria inaitaka itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa nchi nzima, baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazirejeshwi na vikundi vingine havipo. Utoaji ulianza kurudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Nani aliumia? Siyo waliokula. Aliumia fundi cherehani wa Mlandizi na kijana wa bodaboda wa Kisarawe mjini waliokuwa kwenye foleni. Kikoba cha kawaida kina sanduku lenye kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na pesa inahesabiwa mbele ya wote. Akina mama wasio na ofisi wala kiyoyozi wanaweza. Wenye wahasibu na mifumo ya kompyuta wanashindwaje?

*5. Na sisi je?*

Ukaguzi umerudia mara nyingi kwamba kuna fedha zinazokusanywa kwa mashine za POS na hazifiki benki. Lakini kuna nyingine haziingii hata kwenye mashine, kwa sababu mlipaji amesema, "Nipunguzie, risiti siitaki." Mwanachama anayesema hivyo asubuhi hana haki ya kulalamikia zahanati jioni. Huyo ameshika ufunguo mmoja wa wizi.

*MAAGIZO YA TAWI*

▪️ Kila mwanachama adai risiti ya mashine kwa kila ushuru, hata wa shilingi 500.

▪️ Kila shina lipeleke watu kwenye mkutano ujao wa mtaa au kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila miezi mitatu. Usipoitishwa, muulizeni mwenyekiti kwa barua, na nakala ibaki kwenu.

▪️ Swali letu ni moja kwa wote: *kilichoingia ni kiasi gani, kimetoka kwenda wapi, kimebaki nini?* Majibu yaandikwe kwenye muhtasari.

▪️ Kila shina liorodheshe maboma ya eneo lake: yalianza mwaka gani, yamefikia wapi, yanadai nini. Orodha ifike kwa Katibu wa Tawi kabla bajeti haijapita barazani. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mipango hupangwa miezi mingi kabla. Anayeamka Juni anakuta sufuria imeshaoshwa.

▪️ Tuulize kwa adabu. Hatumtuhumu mtu kwa jina. Asiye na la kuficha hataogopa kufungua daftari.

Halmashauri inaweza kweli kuwa na hela kidogo. Nyumba zetu nyingi ziko hivyo hivyo na watoto wanakwenda shule. Kinachotushinda siyo uchache. Ni daftari lililofungwa.

Soma, kisha mtumie mwanachama mwenzako asiye kwenye orodha hii.

*Imetolewa na Idara ya Uenezi ya Tawi*