Kipeo cha nusu si kugawanya kwa mbili!

Haya wadau, nimetoka zamu ya usiku na hasira zangu, mnivumilie. Jumamosi kwenye mnuso wa Wabongo hapa Uingereza, kaka mmoja kamwambia binti yake aliyekuwa anahangaika na kazi za shule: "Achana na hivyo vipeo vya sehemu, nani anavitumia maishani?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Kaka yangu, nakujibu hapa. Kwenye wodi ya watoto wenye saratani, dozi za dawa nyingi hukadiriwa kwa eneo la ngozi ya mwili. Kanuni ya Mosteller ya mwaka 1987 inasema hivi: zidisha urefu kwa sentimita na uzito kwa kilo, gawanya kwa 3600, kisha jibu lote lipe kipeo cha nusu. Mtoto wa sentimita 100 na kilo 16 ni 1600 juu ya 3600. Kipeo cha nusu maana yake kipeuo cha pili, basi ni 40 juu ya 60, yaani 2/3, kama mita za mraba 0.67. Anayedhani ni kugawanya kwa mbili anapata 2/9. Theluthi ya dozi! Kwa mtoto mwenye saratani!

Utasema kompyuta inakokotoa. Ndiyo. Ukiiandikia urefu 10 badala ya 100 inakokotoa vilevile bila aibu. Tena kosa hilo la mara kumi likipita kwenye kipeuo linatoka limesinyaa, limekuwa kama la mara tatu tu, halikushtui upesi. Wa kushtuka ni sisi wauguzi tunaoweka sahihi.

Ila lawama si zako peke yako. Darasa la saba tulisoma kipeuo kwa Kiswahili, kidato cha pili tukakutana nacho kwa Kiingereza kimevaa sura ya kipeo, na mwalimu wetu, fimbo mkononi, hakusema ni kitu kilekile. Angesema tu: ukizidisha namba ileile yenye vipeo, vipeo hujumlishwa, nusu na nusu ni moja, basi namba yenye kipeo cha nusu ikijizidisha yenyewe inarudisha namba yako nzima. Kwisha! Hilo nimekuja kulielewa nina digrii mkononi, jamani.

Binti, lete daftari Jumapili, sina zamu. Baba abaki nje na nyama choma yake.