Si kila moyo unaokwenda mbio una "presha"

Nimekuwa kimya karibu wiki mbili na wengine mmeuliza kama nimehama mji. Sijahama. Nilikuwa nauguza, na leo nina hasira, kwa hiyo mtanivumilia.

Mama yangu mdogo alikuja Dodoma kutoka Kongwa mwezi wa kumi. Jua la mwezi huo mnalijua, mvua bado na upepo umejaa vumbi. Alikuwa anaharisha siku ya pili, ila akanificha, maana mtu mzima anaona aibu kumweleza mtoto wa dada yake mambo ya chooni. Nilichosikia mimi ni hiki: "Mwanangu, moyo unanienda mbio, nadhani nina presha." Kosa la kwanza ni langu. Nilikuwa nakimbizana na habari ya ukurasa wa kwanza, nikampa hela aende duka la dawa la mtaani.

Akarudi na kibahasha cha karatasi chenye vidonge vya propranololi, kimeandikwa kwa kalamu "1x3". Hakuna aliyemfunga kitambaa cha mashine mkononi. Usiku akaamka kwenda chooni, akaanguka mlangoni. Tulipofika hospitali presha ilisoma 80 kwa 50, na mapigo 58 kwa dakika. Muuguzi akaomba kuona alichokunywa, akakitazama kile kibahasha, akatikisa kichwa na kwenda kuchukua dripu.

Jamani, hili neno "presha" litatumaliza. Mtu akipigiwa simu ya msiba, kapata presha. Timu yake ikifungwa dakika ya mwisho, presha. Moyo ukidunda tu, presha. Lakini presha ya damu ni kitu kimoja na kasi ya mapigo ni kitu kingine, na mara nyingi moyo unakwenda mbio kwa sababu presha iko chini.

Chukua mfano wa mtu anayejaza pipa. Ndoo yake imetoboka, kabaki na kopo. Ili pipa lijae kwa muda ule ule, lazima aende safari nyingi zaidi. Ndivyo moyo unavyofanya ukipungukiwa maji kwa kuharisha, au damu kwa kutokwa nayo: kila pigo linasukuma kidogo, basi unaongeza idadi ya mapigo ili ubongo na figo zipate damu. Homa kali na upungufu wa damu navyo vinaukimbiza moyo. Sasa wewe unakuja na propranololi au atenololi, ambazo kazi yake ni kupunguza mapigo pamoja na nguvu ya kusukuma. Ni sawa na kumshika mkono yule mchota maji na kumwambia atembee pole pole huku pipa linakauka. (Na kama ana pumu, propranololi inaweza kumbana njia ya hewa. Swali hilo nalo hakuulizwa.)

Msidhani ni hofu za mwandishi wa habari. Mwaka 2005 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa China, wagonjwa zaidi ya 45,000 waliopatwa na shambulio la moyo. Nusu walipewa metoprololi mapema, kuanzia kwenye mshipa. Iliwakinga wengine na shambulio la pili, lakini ikawasukuma wengine kwenye hali ya moyo kushindwa kabisa kusukuma damu, hasa waliofika presha ikiwa tayari chini. Mwaka 2008 ukaja mwingine, watu 8,351 waliofanyiwa upasuaji usio wa moyo katika nchi 23. Waliopewa metoprololi walipata mashambulio machache ya moyo, lakini waliokufa walikuwa 129 dhidi ya 97 wa upande wa pili, na presha kushuka ilitajwa miongoni mwa sababu. Hao walikuwa hospitalini, kuna madaktari na mashine. Mama mdogo alikuwa kwenye korido ya nyumba ya kupanga.

Najua mtaniambia wapo wagonjwa wenye presha ya chini wanaopewa dawa za kundi hili na zinawasaidia. Kweli kabisa. Mwenye moyo uliodhoofika anaanzishiwa dozi ndogo sana ya bisoprololi au kavediloli, anapimwa, anaongezewa taratibu. Na kama ni wewe, usiende kuzitupa kwa sababu umesoma hapa: kuziacha ghafla kunaweza kuleta maumivu ya kifua na hata shambulio la moyo. Ukisikia kizunguzungu unaposimama, au mapigo yameshuka chini ya 50, mtafute daktari wako siku hiyo hiyo. Ukizimia, nenda hospitali.

Ugomvi wangu ni na kuuza bila kupima. Tangu mwaka 2003, mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulipoanzia Ruvuma, hoja ilikuwa muuzaji apate mafunzo ili asiwe muuza pipi. Na ninyi wasomi wenzangu mnaomeza kidonge cha propranololi ili msitetemeke kwenye usaili, tena hamjala tangu asubuhi, msijifanye haiwahusu. Mnanunua kwenye kaunta ile ile.

Mama mdogo aliporuhusiwa nilirudi dukani na kibahasha changu. Nilikuwa nimejiandaa kugomba, ila dada aliyekuwepo alikuwa mpole, akanipa na kiti. Nikamuuliza kwa nini hakumpima. Nyuma yake, kwenye rafu, mashine za presha zilikuwa tatu, ndani ya maboksi yake, zinauzwa.

"Kaka," akasema, "mama mwenyewe alisema ana presha."