Neno la Mnyonge Lathaminiwa Kwenye Deni Tu

Machi 2020, korona ilipofunga biashara nchini Uingereza, Serikali ya Wahafidhina iliahidi kulipa asilimia 80 ya kipato, hadi pauni 2,500 kwa mwezi. Mwajiriwa aliyeanza kazi Februari 2020 alistahili. Fundi aliyejiajiri tangu Mei 2019 alinyimwa, eti hesabu zake za kodi hazijafika na udanganyifu wahofiwa. Akangojeshwa hadi Aprili 2021! Lakini Mei 2020 fundi huyo huyo aliruhusiwa kukopa benki, Serikali ikidhamini, kwa kujithibitisha mwenyewe tu. Neno lake lilitosha kumtia katika deni. Halikutosha kumpatia haki. Huo ndio utu wa ubepari. Watumishi wa umma popote walipo na wakumbuke: jina kukosekana katika jalada si ushahidi kwamba nyumbani hakuna njaa.