Mstari wa Mkoloni Ungali Katika Ramani Zetu

Wako watu wanaodhani kwamba sheria mpya ikisha kutiwa saini, basi mambo ya kale yamekufa na kuzikwa. Kipya kinyemi, walisema wahenga, kingawa kidonda. Lakini mkazi yeyote wa Dar es Salaam atembeaye kwa miguu kutoka Oysterbay hadi Magomeni anapita juu ya mistari iliyochorwa na wageni kabla babu yake hajaoa. Mistari hiyo haikufutwa. Ilibadilishwa majina tu.

Tukumbushane historia. Wajerumani walioufanya mji huu kuwa makao yao makuu mwaka 1891 walianza kuugawa kwa aina ya majengo. Waingereza wakaukamilisha mgawo huo: kanda ya kwanza ikawa ya Wazungu, ya pili ya biashara na Wahindi, ya tatu ya Waafrika, na katikati, Mnazi Mmoja, ukaachwa uwanja mtupu kuwatenga watu na watu. Wananchi hawakuhitaji mkalimani. Walisema Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na wakawa wamesema yote.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, ubaguzi wa rangi ulianza kuwaonea haya hata wenyewe. Mpango wa 1949, uliotayarishwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb and Partners ya Uingereza, haukutaja sana rangi za watu. Ulitaja ujazo. Palipokuwa pa Wazungu pakaitwa sehemu ya ujazo mdogo. Pa Wahindi, ujazo wa kati. Pa Waafrika, ujazo mkubwa. Nguo ilibadilishwa, mwili ukabaki ule ule. Kisha ikaja Sheria ya Mipango Miji ya 1956, Sura ya 378, na nchi huru ikairithi pamoja na samani za ofisini.

Tulifanya mengi. Mwaka 1971 majengo makubwa ya kupangisha yalitaifishwa, na wenye nyumba walibadilika. Mipango kabambe ilitengenezwa mwaka 1968 na 1979. Hatimaye Sheria ya Mipango Miji Namba 8 ya 2007 ikaifuta Sura ya 378. Hayo ni maendeleo, na hakuna mzalendo atakayeyabeza. Lakini kwa desturi ya sheria, kufutwa kwa sheria mama hakufuti hati zilizotolewa chini yake wala michoro iliyokwisha kuidhinishwa. Na yale madaraja matatu ya ujazo yakavuka mto salama, yakaketi ndani ya vipimo vyetu kana kwamba ni mila ya mababu.

Msomaji ataniuliza: kuna ubaya gani? Tupige hesabu ya darasa la nne. Kwa vipimo vya mwaka 1997, kiwanja cha ujazo mdogo kilianzia mita za mraba 1,601 na kile cha ujazo mkubwa 400. Hekta moja, kabla ya kutoa barabara, haiwezi kupata hata viwanja saba vya namna ya kwanza. Ya namna ya pili itapata 25. Bomba la maji na barabara hutandazwa kwa urefu, si kwa idadi ya watu. Kwa hiyo fedha za umma hutembea mbali kuifikia nyumba moja ya mwenye nafasi, na yule asiyemudu hata zile mita 400 huenda kujenga bondeni, kisha tunamwita mvamizi. Mji uliokuwa na watu wapatao 270,000 mwaka 1967 ulihesabiwa watu 5,383,728 mwaka 2022, na zaidi ya nusu yao wamejipanga wenyewe.

Sisemi kwamba wapangaji wetu wa leo ni wabaguzi. Nasema kwamba urasimu hauhitaji nia mbaya ili udhulumu. Unahitaji faili la zamani na mtumishi asiyeuliza.

Wako watakaodai kwamba kugusa maeneo hayo ni kuchezea haki za wenye hati, na kwamba kila mpango mpya huishia kumfukuza mnyonge. Hoja ya pili ni nzito, na imewahi kuwa kweli. Lakini Magomeni Kota inatufundisha kwamba si lazima iwe hivyo: nyumba za zamani zilibomolewa, ikachukua miaka mingi mno, lakini majengo mapya yaliyofunguliwa mwaka 2022 yalitengwa kwa kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale. Kumbe inawezekana.

Basi kila halmashauri itangaze hadharani orodha ya michoro yote ya kabla ya 2007 ambayo bado inatumika. Kila mchoro upewe mwaka wa mwisho wa kupitiwa upya, wakazi wakiwamo kikaoni, wapangaji kwa wenye nyumba. Aliyejenga kwa kufuata sheria ya siku ile asiadhibiwe. Nyumba yake ibaki, lakini siku atakapoijenga upya afuate kanuni mpya. Na eneo lisilopitiwa hadi mwaka huo lisiendelee kulindwa na wino wa 1949.

Ndugu mtumishi wa umma, mchoro ukiletwa mezani kwako, usiulize tu una mhuri gani. Uliza ulichorwa lini, na kwa ajili ya nani. Nawe mwalimu, wanafunzi wako wanapolitaja jina Uzunguni kwa mzaha, waeleze lilikotoka. Taifa linaloweza kufuta sheria ya mkoloni likashindwa kuufuta mstari wake, limehama nyumba likaacha funguo kwa mwenye nyumba wa zamani.